Walinipiga Baada ya Kuhakiki

Watu walionipiga hawakukurupuka. Walihakiki kwanza.

Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikisimulia, lazima atokee mtu aseme, "Ah, huo ni ujinga wa watu wasiosoma." Ndugu yangu, meno yangu mawili ya mbele yaling'olewa na kiatu cha mwanafunzi. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi.

Mimi ni fundi wa friji. Nina gari dogo la mizigo, bovu kiasi chake, na mlangoni nimechora friji kwa rangi ya bluu ili wateja wasinipotee. Nyuma huwa kuna mitungi ya gesi, selotepu, na kamba za kufungia mizigo.

Siku hiyo nilibeba friji kubwa la mteja, la milango miwili. Mbele nilikuwa na binti yangu wa miaka minne. Tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo shavuni. Nilikuwa nimemchukua chekechea, amevaa koti lake la njano, na usingizi ulishamchukua.

Tairi la nyuma likaisha upepo. Nikajikokota hadi kwa fundi pancha aliye njia panda, mkabala na duka la mshonaji.

Fundi pancha akaja na mtaimbo begani. Akautazama mchoro mlangoni. Akamtazama mtoto. Kisha, badala ya kulitazama tairi, akatoa simu.

"Bosi, huyu mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Mama yake yuko wapi?"

"Kazini. Kwani wewe unaziba pancha au unaandikisha watu?"

Huo ulikuwa utani wangu wa mwisho kwa muda mrefu sana.

Akapiga mluzi. Wanafunzi walikuwa ndio wanatoka shule, wamejaa barabarani. Kijana mmoja mrefu, wenzake wanamwita Ngongoti, akaja mbio na simu mkononi.

"Samahani mzee. Huyu ni wewe?"

Nikatazama. Ni mimi kweli, na kofia yangu, nimeinama nafungua mlango wa gari. Kidoti begani, koti la njano, mdomo wazi analia, mguu mmoja hauna kiatu. Chini yake kumeandikwa: TAHADHARI. MTU HUYU ANAIBA WATOTO. ANATUMIA GARI LENYE MCHORO WA FRIJI. TUMA KWA MAKUNDI YOTE.

Nikaikumbuka siku ile palepale. Kidoti alichomwa sindano kliniki, akanipiga mateke mpaka garini. Sikujua hata kama kuna mtu alitupiga picha.

"Ndiyo, ni mimi," nikasema, "lakini..."

Hiyo "lakini" haikumfikia mtu.

"Amekiri," sauti ikasema nyuma yangu.

Ngumi ya kwanza ilitua sikioni. Ya pili sikuiona. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye mafuta machafu, na mtu ananivua shati kama ananisaidia kuoga.

Kidoti akaamka. "Baba," akaita. "Baba."

"Jamani," mwanamke mmoja akasema kwa uchungu wa kweli kabisa, "ameshamfundisha kumwita baba."

Wakamvuta kutoka kwenye kiti. Mtoto akaung'ang'ania mkanda kwa mikono yote miwili, wakambandua kidole kimoja kimoja. Hapo ndipo nilipopigana. Nilimuuma mtu mkono mpaka nikaonja damu yake. Wakazidi kuamini.

Niliposukumwa chini tena, koti la njano sikuliona.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Mtaimbo ukashuka kwenye mkono wangu wa kulia. Nilivisikia vidole vikivunjika kabla sijasikia maumivu.

Wengine walikuwa nyuma ya gari. "Angalia kamba hizi. Selotepu hii ya nini? Na friji hili?"

"Humo ndimo anamowaweka."

Wakalishusha, wakalivunja milango yote miwili. Ndani kulikuwa na kipande cha limau kilichokauka. Nikajua sasa wataniachia. Hakuna mtoto, hakuna kitu, mambo yamekwisha.

"Ameshawahamisha," fundi pancha akasema.

Hapo nikaelewa kwamba nitakufa. Wakikuta kitu, ni ushahidi. Wasipokuta, ni ushahidi zaidi.

Nikaushika mguu wa Ngongoti kwa mkono uliobaki mzima. "Mwanangu, ulizeni kwanza. Nakuomba."

Akanijibu huku anahema, na adabu zake zote. "Tumeshahakiki, mzee. Vyanzo vitatu. Kundi la wazazi, kundi la mtaa, na kundi la kwaya. Yote yanasema hivyo hivyo." Kisha akajinasua na kunipiga teke la mdomo, ndipo meno yalipokwenda.

Mtu akaleta tairi kuukuu. Wakalipitisha kichwani mwangu mpaka mabegani, mikono ikabanwa. Fundi pancha akaingiza mpira kwenye tangi la gari langu mwenyewe, akavuta petroli kwa mdomo, akatema mate, akaendelea. Petroli ikanimwagikia kichwani. Ilikuwa baridi, na jicho langu la kushoto likawaka kama limetiwa pilipili.

"Nani ana kiberiti?"

Alikiomba kwa upole tu, kama mtu anayetaka kuwasha jiko.

Mara nikahisi kitu kizito kimenikalia. Ni msichana wa shule, mdogo wa umbo, miwani minene. Alipenya katikati ya miguu ya watu, akajitupa juu ya tairi, na sketi yake ikaloa petroli.

"Toka wewe, utaungua," fundi pancha akamwambia. Kiberiti kilishafika mkononi mwake.

"Ngongoti, kuza picha," yule msichana akasema. Sauti ilikuwa inamtetemeka lakini hakunyanyuka. "Usitazame mtu. Tazama kioo cha gari. Aliyepiga picha anaonekana kwenye kioo."

"Miwani, acha ujuaji."

"Kuza, nimekwambia."

Ngongoti akakuza. Nilimwona uso unavyombadilika. Akampa mwenzake simu, naye akaisogeza karibu na macho.

"Ni Madam," Ngongoti akasema.

"Madam gani?" watu wakauliza.

"Madam wa kompyuta. Aliyehamia muhula huu."

"Na anacheka," Miwani akasema. "Nani anapiga picha ya mtoto anayeibwa huku anacheka? Huyu mtoto ni wa kwake. Huyu mnayemchoma ni mume wake."

Simu ikateremshwa mbele ya jicho langu moja lililobaki wazi. Kwenye kioo cha gari langu, kitambaa cha maua kichwani, simu mkononi, anacheka kwa kinywa chote, alikuwa mke wangu.

Kiberiti kikarudi mfukoni. Fundi pancha akaanza kukusanya vifaa vyake kama mtu aliyekumbuka mteja. Ghafla kila mmoja alikuwa ameacha kitu jikoni. Uwanja uliokuwa hauna pa kuweka mguu ukabaki na wanafunzi watatu wanne wanaolia, na Ngongoti anayejaribu kunivua tairi.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Kila mtu alidhani kachukuliwa na mwingine. Walimwokoa mtoto, kisha wakasahau wamempa nani.

Nilitambaa. Miwani alinishika kiuno, tukagonga mlango hadi mlango, mimi nikinuka petroli na kutema damu kwenye vizingiti vya watu. Mlango wa mshonaji ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ngongoti akaupiga bega.

Mshonaji alikuwa amechuchumaa nyuma ya cherehani, mkasi mkubwa mkononi. Sauti yake niliitambua, ndiye aliyesema nimemfundisha mtoto kuniita baba.

"Ukimsogelea huyu mtoto nakuchoma," akasema. Na angenichoma kweli. Katika watu wote wa siku ile, yule mama ndiye aliyekuwa na nia njema kuliko wote.

Kidoti alikuwa nyuma yake. Nikamwita. Alinitazama usoni, au pale uso wangu ulipokuwa, akajificha kwenye gauni la yule mama.

Hapo ndipo nilipolia.

Mke wangu alifika hospitali na chaki bado ziko vidoleni. Alikaa kando ya kitanda, akasema yote bila kuulizwa.

Alikuwa anafundisha somo la kutambua habari za uongo mtandaoni. Akatunga uongo mmoja, akautupia kwenye kundi la darasa, akaandika: chunguzeni picha hii, mniambie Jumatatu ni kweli au si kweli, na mmejuaje. Mwanafunzi mmoja akamtumia mama yake ili amuulize. Mama hakujibu swali, akairusha kundi la wazazi, bila yale maelezo ya mwalimu. Huko mke wangu alikuwa bado hajaunganishwa, kwa ugeni wake. Kundi la wazazi likairusha mtaani, mtaa ukairusha kwaya.

Ilipowarudia wanafunzi kutoka makundi matatu, wakahesabu vyanzo vitatu, kama walivyofundishwa. Kumbe ni mdomo mmoja tu uliozunguka mtaa na kurudi. Darasa zima liliandika "kweli". Miwani peke yake aliandika, "Si kweli. Tazama kioo."

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza mke wangu. Taya lilikuwa limefungwa waya, maneno yalitokea puani.

"Sikutaka kumchafulia mtu jina," akasema. "Nikaona nitumie la kwetu."

Nilitaka kumtukana. Nikaanza kucheka, na waya zikanitoa machozi. Hasira ilikuja baadaye, ikakaa, na siku nyingine bado hugonga hodi. Lakini yeye hakukimbia. Hufundisha somo lile hadi leo, ila hatungi tena uongo wa kufundishia. Huniita mimi darasani nikae mbele, wanitazame.

Alituma ujumbe wa kukanusha makundi yote. Uliishia hapo hapo alipoutuma. Picha yangu bado inatembea.

Juzi imeingia kwenye kundi la ukoo. Aliyeituma ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyenibeba mgongoni. "Wanangu, kuweni macho na huyu shetani."

Nikaandika kwa mkono wa kushoto, "Shangazi, huyo ni mimi."

Akajibu, "Pole baba. Mimi nimetumiwa tu."

Nimetumiwa tu. Fundi pancha naye aliwaambia polisi hivyo hivyo.

Wewe unayesoma, ukiletewa jambo la kutisha, usihesabu ni wangapi wamelisema. Uliza nani aliliona kwa macho yake. Kama kila unayemuuliza naye ametumiwa, bado huna chanzo hata kimoja.

Kidoti ameshapona, wanasema. Anacheza, anakula. Siku ya kwanza nilipomfuata tena chekechea na gari lile, alisimama mlangoni mwa gari, koti la njano mkononi.

"Baba, leo unaniiba tena?"

"Hapana, mama. Tunakwenda nyumbani."

Akanionyesha mfuko wangu wenye simu.

"Mpigie mama kwanza nimuulize."

Nikampigia. Na kila siku, kabla sijawasha gari, nampigia.