Vitunguu vya Dobi Havikaangwi

Yule dobi wa duka la kona alikuwa na majivuno, tusifichane. Shati likitoka kwenye pasi yake, ukosi unasimama wenyewe, na mteja akilikunja ovyo, dobi anamnyang'anya papo hapo akalikunja upya. Kutwa nzima yumo kwenye mvuke, jasho linamtiririka, halafu katika maua yote ya dunia mama huyu akaenda kupenda ua linalotaka baridi. Dafodili! Tena si zile ndefu. Zake zilikuwa vibete, zikikomaa hazipiti urefu wa kiganja, kila ua na kikombe chake cha manjano ambacho tone moja la chai lingekijaza.

Dafodili huota kutoka kwenye kitunguu chake kilichofukiwa udongoni. Ua likinyauka, majani huachwa yakauke yenyewe, maana ndiyo yanayokinenepesha kitunguu kwa ajili ya mwaka ujao. Dobi na unadhifu wake angeweza wapi? Mwaka wa kwanza aliyakata yote yakiwa mabichi, kama mtu anayepunguza nyuzi kwenye pindo. Mwaka uliofuata alivuna majani matupu, na kwa ubishi akakipeleka chungu chake hivyo hivyo kwenye maonyesho ya maua, eti huenda maua yangechomoza njiani.

Mwenyekiti wa maonyesho akainama, akatafuta ua, wapi. "Dada," akasema, "umetuletea majani ya vitunguu?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Maneno yale yalimkata dobi maini. Alirudi nyumbani amekikumbatia chungu chake, akamwambia mumewe, "Watayaona maua yangu. Naapa watayaona, tena kwenye meza ile ile."

Tangu hapo akashika adabu. Majani hakuyagusa tena. Yakikauka alivichimbua vitunguu, na kwa kuwa baridi ya mji wao haikutosha, akavilaza kwenye friji ndani ya mfuko wa karatasi mpaka msimu wa kupanda. Soda za mumewe zikakosa mahali.

"Mke wangu, friji hii ni ya watu au ya maua?"

"Ya maua. Watu mnaazima tu."

Ikafika wakati nyumbani mle ukisema "vitunguu" ni hivyo vya maua. Vya kupikia viliitwa "vya mchuzi", na vilikaa kwenye kikapu nyuma ya mlango. Wao wenyewe walishazoea, wala hawakuona ajabu.

Sasa, mume alikuwa na dada yake, mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda, mwanamke wa sauti kubwa na mkono mwepesi. Jumapili moja wifi huyu alikuja kusaidia kupikia wageni. Dobi alikuwa amekimbilia dukani kupiga pasi suti ya mtu mwenye haraka.

"Kaka, vitunguu viko wapi?"

Kaka yuko kwenye mpira wa runinga, hata shingo hakugeuza. "Si viko kwenye friji!"

Wifi akaufungua mfuko. Lo, vidogo hivyo! "Maskini kaka yangu, ndivyo unavyolishwa," akanung'unika, akavimenya vyote, akaanza kuvipasua kimoja kimoja. Alipovipasua vyote akasita. Mbona macho hayamwashi? Akanusa. Harufu ya kitunguu hakuna, ute unanata, na vidole vimeanza kumwasha. Hapo hapo dobi akaingia.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Nakata vitunguu vyako, lakini sijui vimeoza..."

"Hivyo si vitunguu!"

"Kaka kasema vitunguu."

"Ni vitunguu, lakini si vitunguu! Nawa mikono, hiyo ni sumu, ungetuua wote!"

Kisha dobi akakaa sakafuni akalia, bila kuona haya. Wifi akanawa mikono, akachuchumaa kando yake. "Nitukane tu, wifi yangu," akasema.

"Nikianza sitamaliza."

Walipoanza kuviokota vikatupwe, dobi akaona jambo. Kila kitunguu kilikuwa kimepasuliwa toka juu, lakini chini vipande vilikuwa bado vimeshikana. "Mbona hukuvimaliza?"

"Mpishi wa kweli anaacha kitako mwisho. Ukikianza hicho, kitunguu kinasambaratika mkononi."

Dobi akakigeuzageuza. Aliyemuuzia aliwahi kumwambia kwamba mizizi na chipukizi hutoka kwenye kitako, kilichobaki chote ni akiba ya chakula. Basi kila kipande kikiondoka na kitako chake? Akapiga moyo konde. "Haya, shika kisu. Malizia kazi yako."

Wakavigawa, kila kipande na kitako chake, wakavipaka unga wa mkaa visioze, wakavifukia kwenye mfuko wa mchanga wenye unyevunyevu. Kila Jumapili wifi alikuja kuunusa, maana pua yake inajua kilichooza. Siku alipoona kitunguu kichanga, cheupe kama punje ya mchele, kimejibanza kwenye kitako, alipiga kelele mpaka jirani akaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua.

Wakavipanda hivyo vichanga, na miaka ikapita ya majani membamba kama uzi. Watu wakacheka sana. Dobi akaendelea kumwagilia.

Kisha maua yakafunguka. Si chungu kimoja, mabeseni! Ukumbini meza ya dobi iliwaka manjano toka pembe hadi pembe. Mwenyekiti akainama, akavua miwani, akaivaa tena. "Dada, nisamehe kwa siku ile. Sijaona mazuri kama haya. Vitunguu vyote hivi ulivinunua wapi?"

Dobi alikuwa na jibu kali alilolinoa miaka yote ile. Akatazama pembeni, akamwona wifi ameinamisha kichwa, anangoja kuumbuliwa.

Akamvuta mkono. "Hatukununua. Mkono uliovizidisha ni huu hapa. Wifi, waeleze unavyokata."

Wifi akaanza taratibu, halafu sauti ya kantini ikampanda, na watu wakamzunguka mpaka dobi akasukumwa nyuma, mbali na meza yake mwenyewe. Mumewe akamkuta huko, anachekelea peke yake.

"Mbona wewe hawakuoni?"

"Niache," akasema dobi, machozi yanamlengalenga. "Msikilize anavyosema! Wifi yangu yule."