Hamo Mkanyaga Sufu Mbele ya Karani

Hebu mtazame Hamo anavyoteremka mlimani kwenda barazani, ndugu yangu. Kifua chembamba, mapaja kama magogo, na harufu yake inamtangulia: mkojo uliochacha na udongo mweupe. Leo amevaa soksi ndefu na viatu vya ngozi vilivyokazwa kamba, na hali ni Mei, jua limetoka. Majirani walioizoea miguu yake mitupu, iliyochujuka kwa kazi yake, wanamtazama mara mbili.

Ukoo wa Hamo ulikuwa ukikanyaga nguo tangu enzi za babu wa babu yake. Wafumaji wa bonde lile la Yorkshire walimletea kitambaa cha sufu kilicholegea, unaona mwanga upande wa pili. Yeye alikilaza katika hori lake la mbao, akamimina mkojo uliokusanywa nyumba kwa nyumba, akatia udongo, akapanda humo na kukanyaga kutwa nzima, mpaka sufu ikashikana na mvua ikakosa pa kupenya. Ndiyo maana wakamwita Walker, yaani mkanyaga nguo kwa Kiingereza chao cha kale.

Na jina la kumtambulisha lilihitajika kweli. Bwana mwenye ardhi aliitwa Hamo, baba yake Hamo, na nusu ya wanaume wa kijiji walibatizwa Hamo ili kumpendeza. Palikuwa na Hamo wa Kisimani, Hamo Mlafi, Hamo Chongo. Majina ya namna hiyo mtu aliyavaa akiwa hai tu, akifa yanazikwa naye. Mwanawe angepata lake.

Tangu Pasaka, lakini, mtoni kulikuwa na kishindo. Du, du, du. Bwana alikuwa amejenga kinu cha maji chenye nyundo za mti za kupondea nguo, akapiga marufuku: atakayekanyaga kwa miguu, hori lake litapasuliwa, na nyumba na shamba vitarudi kwa bwana. Hamo alifunga mlango akaendelea. Afanye nini? Nyundo zilitoboa nguo nyepesi, na wafumaji walizidi kumjia kwa mlango wa nyuma.

Sasa siku ya baraza ilifika. Kule wanaume waligawanywa kumi kumi, na kila kumi wakadhaminiana kwa kiapo: mmoja akisema uongo, wote wanaangamia. Mwaka huo akaja karani mgeni na daftari, kila mtu aandikwe kwa majina mawili.

Siku moja kabla, Hamo, akihofu jina la Walker litamfichua, alimfuata Orm, kaka wa mkewe, ambaye ndiye mkuu wa kumi lao.

"Shemeji, kesho nitaje Hamo wa Sweyn. Baba yangu si Sweyn?"

"Ni Sweyn, Mungu amrehemu."

"Basi si uongo."

"Si uongo." Orm akajikuna ndevu. "Ila hiyo harufu yako, shemeji, nayo tuiite ya nani?"

Walicheka. Hakuna aliyekumbuka kwamba hata baba yake Hamo Chongo aliitwa Sweyn. Nani angekumbuka, na yule tangu utotoni ni Chongo tu? Lakini Chongo naye alikuwa amewaza. Hakutaka jicho lake liandikwe kitabuni milele, akawahi mapema kujiandikisha Hamo wa Sweyn.

"Hamo wa Sweyn," Orm akasema, zamu yao ilipofika.

Karani akarudisha kidole juu ya ukurasa. "Nimeshamwandika. Huyu ni yupi?"

Chongo akainama, akatazama vidole vyake vya miguu kwa jicho lake moja. Mtoni, du, du, du.

Sauti ikatoka nyuma ya watu, imejaa kicheko: "Aa, si Walker huyo! Karani, huna pua?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kisha kikakatika, maana msimamizi wa bwana alikuwa amegeuza kichwa.

"Walker," akasema polepole, kama anayeonja mchuzi. "Na Walker siku hizi anakanyaga nini?"

"Ni utani tu, bwana," Orm akadakia. "Jina la zamani."

"Na sasa je?"

Orm akawatazama wenzake wanane, wenye wake na ng'ombe kama yeye. "Aseme mwenyewe, bwana. Sisi tutasimama na neno lake."

Karani akachovya unyoya katika wino. "Sikiliza, mzee. Nikishaandika, halifutiki. Litakuwa lako na la wanao, na la watoto wao, hata wakiwa waokaji mikate." Akasukuma Injili mbele ya Hamo. "Wewe ndiye Walker? Weka mkono, uape."

Langoni watu wawili wa msimamizi walikuwa wamesimama na mashoka, nyuso zimeelekea mlimani. Na kule juu, nguo ya Dowse mjane ilikuwa imelowekwa horini tangu alfajiri, na Wymark, mke wa Hamo, ameingia kuikanyaga badala ya mumewe. Akikiri, nyumba imekwenda. Akikana, na hori likutwe limelowa, wenzake tisa wameapia uongo pamoja naye.

Hamo akanyoosha mkono juu ya kitabu.

Nawe, ndugu yangu, kama mkono ule ungekuwa wako, ungeitika jina lile?