Makala ya Jumapili

Sijaona watu wanaojua kubana matumizi kama sisi wa chumba cha upasuaji, katika hospitali yetu iliyokuwa juu ya mtaa wa Kadutu, miaka ile ya Zaïre. Glavu tulizifua, tukazipuliza kwa mdomo na kuzitumbukiza majini tuone kama zinatoa mapovu. Zilizotoboka tulizibandika viraka vilivyokatwa kwenye zile zilizochoka kabisa. Kompresi, vitambaa vya kufutia damu, zililala kwenye maji baridi, zikafuliwa kwa sabuni, kisha wagonjwa waliopata nafuu wakazikunja huku wakiota jua barazani. Niliipenda kazi hiyo, na hata leo mtu akitupa kitambaa kizima mbele yangu namgombeza.

Vitambaa vikishafuliwa, tulivipanga ndani ya bati la mviringo lenye kifuniko, ambalo tuliliita tamburi. Tamburi lilipikwa kwa mvuke ndani ya otoklavi, chungu kikubwa cha chuma kilichokula makala, yaani makaa, bila huruma. Zamani tulikuwa na utepe uliobadilika rangi bati likiiva. Ulipokwisha, tukaanza kufunga kipande cha kitenge chekundu. Bati lenye kitenge limeiva. Likifunguliwa, kitenge kinarudi kwenye msumari ukutani kungoja bati lingine, maana hata hicho hatukukitupa.

Msimamizi wa ghala alitupita sote kwa ubahili. Aliamuru otoklavi iwashwe tu kwa upasuaji uliopangwa, akayafungia makala nyuma ya mlango wa chuma, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa koti lake la abakosti. Jumamosi moja mwenzangu alifunga kitenge kwenye tamburi la mwisho kabla halijapikwa, kwa kuwa alijua litapikwa jioni ile ile. Msimamizi akakataa kutoa makala. Mwenzangu akaenda zake kwao Kasha akiwa amefura kwa hasira, akasahau kukifungua kitenge. Msimamizi naye akaenda kulala kwake Mudaka, nje ya mji, kwenye mashamba yake, na ufunguo akaenda nao.

Jumapili, watu wakitoka misa, nikaletewa mdogo wangu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na mtoto alikuwa amelala kikingamo. Daktari aliweka pembe yake ya kusikilizia tumboni, akasema tumpasue mara moja.

"Fungula tamburi, maman."

Nilikifungua kitenge, nikainua kifuniko, na harufu ya sabuni ikanipiga usoni. Kitambaa kilichoiva hakinuki sabuni. Kinanuka kama nguo iliyotoka kupigwa pasi.

"Dokta, hii haiyapikwa."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika. Na ingine haiko."

Wiki ile penisilini ilikuwa imekwisha. Kumfungua mtu tumbo kwa vitambaa vibichi, bila penisilini, tulijua kunaishia wapi, tulishaona. Mdogo wangu alikuwa macho, ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Yaya," akaniita, maana mimi ni dada yake mkubwa, "munangojea nini?"

"Tunatengeneza vyombo," nikamwambia, nikatoka mbio.

Daktari aliupiga teke mlango wa ghala mpaka akachechemea. Haukutikisika. Mimi nikakimbilia uani, ambako akina mama waliolinda wagonjwa walikuwa wakiwapikia watu wao, kila mmoja na babula yake, jiko dogo la makala. Sikujua niombe vipi. Nilipiga kelele tu kwamba mdogo wangu anakufa na hatuna moto.

"Beba ya kwangu, maman," mmoja akasema, akatua chungu chini. "Maharagi itangoja."

Wengine wakafuata. Walikuja mbio na babula zinazowaka, makala yakidondoka na kutoboa vitenge vyao, tukayamimina yote chini ya otoklavi.

Kisha tukangoja. Nilipepea moto kwa kipande cha sanduku huku nikiutazama mshale wa otoklavi, na mshale haukutaka kupanda. Daktari alikwenda na kurudi na pembe yake. Mara ya kwanza alisema, "Roho ya mutoto inapiga." Halafu, "Inapiga polepole." Halafu akarudi, akaitia pembe mfukoni, akaanza kupepea moto pamoja nami. Niliuchukia ule mshale jinsi mtu anavyomchukia mtu.

Bati lilipoiva tulifanya kazi safi. Kidonda cha mdogo wangu kilipona baadaye bila tone la usaha. Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia.

Jumatatu asubuhi msimamizi alifungua ghala, akayakuta magunia yake kamili, akaja kwetu akitabasamu.

"Nasikia mulipasua jana, na makala haikuguswa. Ni vizuri sana. Ni vile munapashwa kuchunga mali ya Leta, mali ya serikali."

Nilimshika mkono wa abakosti nikamvuta mpaka wodini, na njiani nikamwambia yote kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Mdogo wangu alikuwa amelala chali. Maziwa ya kwanza yalikuwa yameanza kumtoka, na kitenge kimelowa kifuani.

"Jana uliniuliza tulikuwa tunangojea nini," nikamwambia. "Muulize huyu."

Mdogo wangu alimgeuzia msimamizi kichwa taratibu.

"Papa, mulikuwa munangojea nini?"

Msimamizi alinitazama mimi, kisha akautazama ufunguo, ambao ulikuwa bado mkononi mwake.

"Makala," akasema.