Kinyozi na Ndevu za Baba Yake

Kila Jumapili asubuhi, kwa miaka mingi, kinyozi alikuwa akimnyoa baba yake. Mzee alikuwa amepooza upande wa kulia, na kati ya mambo machache aliyobaki kuyaamua mwenyewe, moja lilikuwa hili: uso wake hauguswi na mtu mwingine. Alifumba macho, akainua kidevu, na wembe ukapita juu ya povu kwa sauti ndogo, kama mtu anayekwaruza karatasi chumba cha pili. Hawakuwa watu wa kusemezana sana. Mapenzi yao yote yalikuwa hapo, kati ya kidole cha mmoja na shavu la mwingine.

Jumapili moja akamkata. Si mchubuko, kidonda cha nyuzi nne, chini ya kidevu. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi na mzee na kumuuguza, aliukandamiza mkato kwa taulo wakakimbilia zahanati. Waliporudi aliufungia wembe kabatini.

"Ulevi wako upeleke kwenye vichwa vya watu baki," akasema. "Baba humgusi tena."

Lakini mzee naye alikuwa na lake. Dada alipomjia na mkasi, aligeuza uso ukutani. Ndevu zikaota, zikamfunika mdomo, zikaingia kwenye uji. Ikawa nyumba nzima inangojea mkono wa mtu mmoja, na mkono huo hauaminiki.

Nesi aliyemshona mzee ndiye aliyeuona mkono huo ukishindwa kushika kalamu pale zahanati. Nyuma ya bahasha ya dawa alimwandikia kinyozi: Jumamosi, saa kumi alasiri, shule ya msingi, darasa la nne. Chini yake: majina hayaulizwi.

Jumamosi mbili kinyozi alifika getini, akageuka. Ya tatu alimkuta pale dereva wa lori, pande la mtu, ambaye wenzake walimwita Breki.

"Ndugu yangu, wiki ya tatu hii unalikagua geti," Breki akasema. "Kama umekuja kulipaka rangi, sema tukuletee brashi. Kama sivyo, ingia."

Ndani, watu saba waliokuwa wakijitahidi kuacha pombe walikuwa wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia masikio. Mama mmoja, mwalimu mstaafu waliyemwita Shangazi, alikuwa akimimina chai. Vikombe vya wengine alivijaza. Cha kinyozi alikiishia nusu.

"Hata chai mnanipimia?" kinyozi akauliza, uso umemwiva.

"Si uchoyo, mwanangu. Nikikijaza utaivaa. Sote tulianza na nusu."

Akakiinua. Chai ikacheza huku na huku ndani ya kikombe, lakini haikumwagika hata tone. Hakuna aliyetazama.

Zamu yake ya kujieleza ilipofika alikishusha kikombe. Kisha akasema, "Nilimkata baba yangu na wembe. Dada anadhani nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikitangulia na glasi mbili ndipo mkono utulie. Siku ile nikajiambia, huyu ni baba yangu, leo nimnyoe nikiwa mkavu, bila tone. Kwa heshima."

Breki alikuwa wa kwanza kucheka. Wengine wakamfuata, na Shangazi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Hakikuwa kicheko cha dhihaka. Watu hawa walikuwa wamejiona kwenye kioo cha mwenzao.

"Yaani miaka yote ya ulevi hujamwaga damu," Breki akasema akihema, "ukaenda kumchinja mzee siku ya adabu!"

Kinyozi naye akacheka, mpaka kicheko kikageuka kilio. Shangazi alingoja kiishe.

"Usiache peke yako," akamwambia. "Pombe haikatwi kama ndevu. Ukiikata ghafla bila mtu wa kukuangalia, inaweza kukuangusha chini. Jumatatu nitakusindikiza kwa nesi."

Alimsindikiza kweli. Wiki ya tano kinyozi aliteleza, akanywa siku mbili. Jumamosi akaja akiwa ameinamisha kichwa; Breki akasogea kidogo kwenye dawati kumpa nafasi, basi. Mkono ulipoanza kutulia alijifunza upya kama mwanagenzi: akapaka povu kwenye puto, akalinyoa. Maputo sita yalipasuka. La saba likapona, na Breki akajitolea mashavu yake.

"Uso huu ulishapita kwenye kioo cha lori," akasema. "Hauna cha kupoteza."

Ndipo akaenda kumweleza dada ukweli. Dada alimsikiliza jikoni, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa namkabidhi baba kwa mlevi, na chai nakuandalia juu."

"Ndiyo, dada."

"Toka."

Alitoka. Wiki tatu zikapita bila neno. Kisha dada akatuma ujumbe: njoo Jumapili, nitasimama hapo hapo.

Alisimama kweli, mikono kifuani, hatua mbili tu kutoka kwenye kiti. Kinyozi alichovya brashi, akapaka. Shavu la kulia likatoka safi. La kushoto. Juu ya mdomo. Mzee alikuwa amefumba macho, anapumua kama aliyelala. Wembe ulipokaribia kovu, kinyozi aliuhisi mkono ukianza kutetemeka, kidogo tu. Pengine ilikuwa hofu. Mtu mwingine asingeona.

Akauinua wembe juu.

"Dada, mkono umeanza. Shingo siigusi leo."

Dada akashusha mikono. Mzee hakufumbua macho.

"Shingo ingoje," akasema kwa upande wa mdomo uliobaki na nguvu. "Mimi nakwenda wapi?"

Dada alichukua taulo, akaanza kumfuta mzee povu shingoni, juu ya zile ndevu zilizobaki.

"Jumapili ijayo uje mapema," akamwambia mdogo wake. "Utakuta maji yameshachemka."