Mistari Miwili ya Minyaa

Harufu ya mnyaa uliovunjwa naijua hata kabla sijauona. Ni harufu mbichi, chungu, inayokaa puani, na utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Kwetu, ndani kidogo kutoka stesheni ya Kigwa, mipaka ya mashamba ilikuwa minyaa. Unavunja tawi, unalichomeka ardhini, linaota bila kubembelezwa. Mpaka kati yetu na jirani yetu Mama Shija, mjane aliyeishi na mwanawe, ulipita nyuma ya zizi letu. Upande wake, hatua chache tu kutoka mpakani, palikuwa na kichuguu kikubwa kilichobomoka, chenye udongo laini wa rutuba. Humo ndimo alimolima karanga zilizomlisha mwaka mzima.

Kiangazi cha mwisho kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa, Mama Shija alipanda treni kwenda Tura kwenye msiba wa dada yake. Baba yangu, mzee wa kanisa aliyetukataza hata kuokota embe la watu, akachukua panga na jembe. Aling'oa minyaa ya zamani, akaitupa chini pale pale, kisha akachomeka matawi mapya ng'ambo ya kichuguu. Mama alikuwa mlangoni akichambua kunde. Alimtazama, akainuka na ungo wake, akaingia ndani. Mimi nilichezea vijiti vilivyobaki kwenye mstari mpya, utomvu ukanirukia macho yote mawili.

Mama Shija aliporudi nilikuwa bado sioni vizuri. Alisikia kilio changu, akaja na kibuyu cha maziwa, akanilaza mapajani na kuanza kuniosha macho taratibu.

"Mwanangu, mnyaa umeuvunjia wapi?" aliniuliza.

Nikanyoosha kidole kule kwenye mstari mpya. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea kuniosha. Nilikuwa na umri wa kuelewa. Nilijificha uso katika kanga yake kwa aibu, nikajifanya ni maumivu.

Hakumshtaki baba. Labda hakupata hata nafasi, maana haukupita muda malori yakaja, tukapakiwa pamoja na kuku na mitungi yetu, tukapangwa kwa safu kando ya barabara. Baba, ambaye hakuwa na shida ya maneno, alisimama mkutanoni akatangaza kwamba ardhi sasa ni ya wote na tamaa imekwisha. Mama Shija alipiga makofi pamoja na wengine. Nilitamani ardhi hiyo ya wote ipasuke inimeze.

Baadaye vijiji vililegea, watu wakaanza kurudi kwenye mahame yao. Mama Shija alirudi. Sisi tulihamia Tabora mjini, na baba akafia huko akiheshimiwa na wote. Mwaka huu kaka yangu aliamua tudai shamba letu la zamani, akanituma nikatafute mpaka. Nilimkuta Maganga, mtoto wa Shija. Bibi yake, Mama Shija, alikuwa ameshafariki. Aliniamkia, akanipeleka nyuma ya lilipokuwa zizi. Palikuwa na mistari miwili ya minyaa, yote mirefu kupita nyumba. Ile aliyoing'oa baba ilikuwa imeshika mizizi pale pale alipoitupa. Katikati, juu ya kichuguu, ng'ombe walikuwa wakipita.

"Hii tunaiita njia ya babu Elia," alisema, akimtaja baba yangu. "Bibi alitusimulia kwamba babu huyo alikata kipande cha shamba lake ili mifugo ipite bila kula mazao ya watu. Naye bibi akatukataza tusilime hapo hata tuta moja."

Nilitaka kumwambia. Lakini nikaona alivyoniangalia kwa heshima. Nikaenda hadi kwenye mstari wa zamani, nikamwambia shamba letu linaishia hapo, na njia yote ni yao, walime karanga wakitaka. Nilidhani ninarudisha. Maganga akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shangazi," alisema, "umemrithi baba yako."

Nikaitikia asante. Utotoni niliuficha uso wangu mapajani mwa mwanamke aliyejua kila kitu. Siku hiyo nilisimama juani mbele ya mtu asiyejua lolote, na sikuwa na mahali pa kuuficha.