Mke Wangu na Asilimia Themanini

Nianze kwa kukiri: kwa miaka saba mfululizo nimegombezwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe kwa sababu ya waya wa chaja. Mimi ni fundi rangi. Nimezoea ngazi, brashi na msasa, na sikuwahi kufikiri kwamba amani ya ndoa yangu itakuja kutegemea kuchomoa kitu ukutani kwa wakati.

Mke wangu ni katibu muhtasi wa shule ya sekondari. Anapiga chapa mitihani, barua na kumbukumbu za vikao, na vidole vyake vina kasi ya ajabu: mwalimu mkuu akisita katikati ya sentensi, yeye huwa keshafika kwenye nukta. Walimu wanamwita Themanini. Jina hilo halihusiani na umri wake, na ole wako uulize. Limetokana na kompyuta yake mpakato, ambayo haiachwi kwenye chaja ikapita asilimia themanini bila sababu, wala haiachwi ikashuka chini ya ishirini.

Sheria zake nimezikariri zote. Ikifika themanini, chomoa. Ikikaribia thelathini, chomeka. Usiiweke kitandani wala juu ya mto, maana matundu yake ya hewa yanaziba na joto linapanda. Usiiache kwenye gari juani. Usiichomeke kwenye chaja ya kuokoteza. Kama haitatumika kwa wiki kadhaa, iache nusu, isiwe tupu wala isijae. Juu ya soketi ya sebuleni nililazimishwa kuandika namba 80 kwa rangi nyekundu ya mafuta, na wageni mpaka leo wanauliza kama ndiyo namba ya nyumba.

Siku moja uvumilivu ulinishinda nikamwambia, "Mama, hiyo ni mashine bwana, si mtoto mchanga."

Akanijibu bila kuinua macho, "Mtoto mchanga angekuwa ameshajifunza kuchomoa, baba. Wewe bado."

Lakini hakuwa hivyo tangu mwanzo. Kompyuta yake ya kwanza aliitesa kama wanavyotesa watu wengine wote. Ilikuwa kwenye umeme asubuhi hadi asubuhi, imejaa pomoni, imelazwa juu ya godoro. Baada ya miaka miwili betri ilivimba, kibodi ikanyanyuka katikati, na ukichomoa waya ilikuwa na dakika chache tu za kuishi. Hatukujali sana, kwa sababu soketi zilikuwepo kila mahali tulipoihitaji.

Wakati huo tulikuwa tunamlea binti wa marehemu dada yake, ambaye anamwita mke wangu mama mdogo na mimi baba mdogo. Alipofika miaka kumi na saba, binti aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, tukashukuru Mungu, ila masikio yakagoma. Kwa kuwa hakuwa anajua lugha ya alama, mke wangu alimpigia chapa kila tulichosema, naye akasoma kwenye kioo cha kompyuta na kutujibu kwa sauti yake mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyokwenda kwa daktari kusikia majibu ya vipimo.

Chumba cha daktari kilikuwa na soketi moja, na mashine nyingine ilikuwa imeikalia. Daktari akaanza kueleza, mke wangu akaandika: "Kwa bahati mbaya masikio yako." Hapo kioo kikazima. Binti alingoja. Akakitazama kioo cheusi, kisha akatutazama usoni, mimi na mama yake mdogo, na yaliyobaki akayasoma hapo. Nimepaka rangi kuta nyingi maishani, na nyingi nimezisahau, lakini ule ukuta wa kijani hafifu nyuma ya kichwa cha daktari naukumbuka mpaka mikwaruzo yake.

Mke wangu hakulia mbele yake. Alilia koridoni, amekumbatia ile kompyuta iliyovimba. Aliponunua nyingine, kabla hata ya kuiwasha, aliipeleka kwa fundi wa kompyuta na kumbana kwa maswali. Mimi nilikuwepo, ila akili yangu ilikuwa kwenye dari lake lililopakwa ovyo.

"Betri inaumwa na vitu vitatu, mama," fundi alimwambia. "Shibe iliyopitiliza, njaa kali, na joto. Ukiipunguzia hivyo, itakaa."

"Na siku nikiihitaji kutwa nzima?"

"Siku hiyo ijaze mpaka mia uondoke nayo. Mara mojamoja hakuna ubaya. Ubaya ni kuifanya iishi hivyo."

Jibu hilo la mwisho ndilo lililonipita, na ndilo lililokuja kuniumbua.

Binti alikua, akasoma ufundi wa maabara. Vitendo vyote alifaulu kwa kishindo. Kilichobaki kilikuwa mtihani wa mdomo, wa muda wa saa tatu, mbele ya jopo la watu watatu. Mwaka wa kwanza wa kuufanya, chuo kilikosa mtu wa kumwandikia, akarudishwa nyumbani. Mwaka wa pili walimpa karani wa kumwandikia maswali kwa mkono. Karani yule alifupisha kila kitu, swali la mistari mitano likawa maneno manne, na binti akajibu mambo ambayo hakuulizwa. Akafelishwa. Mwaka wa tatu mke wangu alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo, akaomba aandike yeye. Wakamkubalia kwa sharti moja: aandike kinachosemwa, asiongeze hata neno lake moja. Akatia saini. Maabara ya hospitali ilikuwa imemshikia binti nafasi ya kazi hadi mwisho wa mwezi ule, na safari hii ikipita, nafasi nayo ilikuwa inapita.

Asubuhi ya mtihani, mke wangu aliichomeka kompyuta na kuingia kuoga. Mimi nikapita sebuleni nikifunga vifungo vya shati. Nikatupa jicho: themanini na mbili! Miaka saba ya kuambiwa sina akili, na leo nimeiwahi mwenyewe, bila kukumbushwa. Nikachomoa. Nikaukunja waya vizuri kabisa, nikatia kila kitu kwenye begi, nikajipongeza kimoyomoyo.

Tulifika chuoni mapema. Chumba cha mtihani kilikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki na feni ya darini. Mke wangu akafungua kompyuta, akatazama pembeni mwa kioo.

"Nani amechomoa hii?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Ilikuwa imefika themanini," nikasema, bado najisikia shujaa.

"Baba, leo nilikuwa naijaza mpaka mia."

Akauvuta waya, akainama kutafuta soketi. Hata hajaifikia, feni ya darini ikapunguza mwendo, ikajizungusha kichovu mara mbili tatu, ikasimama. Umeme ulikuwa umekatika. Mhudumu akaja kusema jenereta ni bovu na kipuri chake hakijafika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na begi langu.

Mwenyekiti wa jopo, mzee wa miwani minene mwenye sauti ya upole, alikuna kidevu. "Mtihani ni wa saa tatu, mama. Tunaweza kumwandikia kwa mkono, au tuahirishe hadi mwakani."

Mke wangu aliyapiga chapa maneno hayo yote, neno kwa neno. Binti akayasoma. Akanitazama mimi, akamtazama mama yake mdogo, na nikauona uso ule ule wa chumba cha daktari.

"Hapana," mke wangu akasema. "Tuanze."

"Hiyo laptopu ina umri gani?" akauliza mtahini mwanamke aliyekaa kushoto. "Maana ile yangu niliyonunua mwaka juzi haimalizi dakika arobaini."

"Hii ina miaka saba. Yako huwa unaiacha kwenye chaja kutwa?"

"Kutwa kucha."

"Basi," mke wangu akasema, akapunguza mwanga wa kioo, akazima intaneti, akafunga kila kisichohitajika, akakunja mikono ya blauzi yake.

Nikaruhusiwa kukaa kwenye kiti nyuma ya mke wangu, karibu na mlango, kwa ahadi ya kufunga domo. Kutoka pale niliiona ile namba ndogo pembeni mwa kioo, na sikuiondolea macho. Saa ya kwanza ilipoisha ilisoma hamsini na nane. Binti alikuwa anajibu kwa sauti kubwa kuliko kawaida, kama anavyofanya akiwa na uhakika. Saa ya pili, thelathini na tatu. Mtahini wa kulia, kijana mkali aliyeongea haraka, alimuuliza angefanya nini akipokea damu yenye jina tofauti na lile la kwenye fomu, huku daktari anapiga simu kuhimiza majibu.

"Siipimi," binti akasema. "Naomba damu nyingine. Daktari anune, mgonjwa alalamike kuchomwa mara mbili, lakini sitampa mtu majibu ya mwenzake."

Kijana yule akaacha kuandika, akatikisa kichwa kukubali.

Namba ikafika ishirini. Vidole vya mke wangu vilisita, punde tu, pengine hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Kwa miaka saba hakuwahi kuvuka hapo. Akavuka. Kumi na tisa, kumi na tano, kumi na mbili, na maswali bado yanakuja, naye anayamwaga kiooni bila kupunguza herufi. Nilikuwa nimeshika magoti yangu kwa nguvu hadi vidole vinauma.

Jopo likatoka nje kushauriana. Mke wangu hakugusa kitu, hata jasho la usoni hakulifuta. Waliporudi, namba ilikuwa saba. Mwenyekiti akasimama, akakohoa, na mke wangu akaanza kuandika: "Jopo limekubaliana kwamba mtahiniwa."

Mzee akanyamaza kugeuza karatasi. Wallahi nilimchukia. Binti alikuwa amekitazama kioo bila kupepesa, na kioo kiliendelea kuwaka.

"Amefaulu," mwenyekiti akasema. "Kwa daraja la juu."

Mke wangu akaandika amefaulu. Akaandika kwa daraja la juu. Akaweka nukta. Kisha, akiwa ametia saini kwamba hataongeza neno lake hata moja, akaongeza moja: "Mwanangu."

Binti alipiga kelele iliyowatoa watu madarasani. Walikumbatiana hadi kiti kikaanguka, na mimi nikajitosa katikati yao nikilia waziwazi, sioni haya kusema. Mwenyekiti akainama kutazama kioo, akarekebisha miwani.

"Hilo neno la mwisho mimi sikulisema, mama."

"Najua, mzee. Andika kosa langu."

"Sijaona kosa," akasema, akatushika mkono mmoja mmoja.

Nyumbani umeme ulikuwepo. Mke wangu aliichomeka kompyuta kwenye ile soketi yenye namba nyekundu, akaenda jikoni na binti, na vicheko vyao vikajaa nyumba nzima. Mimi nikavuta kiti, nikakaa mbele ya kompyuta kushika zamu. Safari hii sikutaka kukosea. Ilipofika themanini nikainuka, mkono tayari kwenye waya, nikaita, "Mama! Themanini hii! Nichomoe?"

Alichungulia kutoka jikoni, akaitazama kompyuta, akanitazama na mimi.

"Leo iache, baba," akasema. "Ishibe."