Sato wa Mjomba katika Maji ya Bahi

Mjomba wangu alistaafu utumishi wa serikali akabaki na vitu viwili: nyumba ya Makole na imani kwamba kila mnyama wa kienyeji ni kosa linalongoja kusahihishwa. Alianza na ng'ombe. Alinunua dume la kisasa, ndama wakazaliwa wakubwa, maziwa yakaongezeka. Tangu hapo hakukuwa na harusi wala msiba ambao hakusimama kutuhubiria habari za mbegu bora.

Mama yangu, mdogo wake, hununua samaki kwa wavuvi wa bwawa la Bahi, huwabanika na kuwauza Dodoma mjini. Walikuwa perege wa kienyeji, wadogo. Mjomba aliwatazama juu ya chanja kama bwana afya aliyekuta choo kichafu.

"Mdogo wangu, hawa ni samaki au vifungo vya koti?"

"Vifungo hivi ndivyo vilivyomsomesha mpwa wako," Mama akajibu bila kugeuka.

Mwaka mmoja mvua zilinyesha sana, maji yakajaa hadi kwenye majaruba ya mpunga. Mjomba akaleta vifaranga vya sato, wale samaki wakubwa wa ziwani, katika mifuko ya plastiki, pamoja na turubai, spika na viti vya kukodi, maana kumimina samaki majini bila hotuba ni kazi ya wavuvi. Mama naye alipiga vigelegele.

Baadaye nyavu zikaanza kutoa samaki ambao hawakuwa sato wala perege: kichwa cha huyu, rangi ya yule, mwili mnene. Mama hakuwauliza ukoo. Walijaza chanja, wateja wakawagombania, na Mjomba akazidi kunenepa kwa sifa.

Wakati huo niliandika habari za kilimo na mifugo gazetini, nikamwendea mtafiti aliyekuwa akikata vipande vya mapezi pale ufukweni. Alisema sato na perege wamezaana, na watoto wao wamezaana tena na perege, hivyo vinasaba vya sato vinasambaa bwawa zima.

"Kuna wakati mnyama hupata kinasaba cha jamii nyingine kikamwokoa," alisema. "Hapa nina wasiwasi. Perege huyu amezoea maji yanayokauka na kujaa chumvi. Sato hajazoea. Hawa chotara wananenepa kwa sababu maji ni mengi. Yakipungua ndipo tutawajua."

Niliyapeleka maneno hayo Makole. Mjomba alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Samaki afe majini! Mpwa wangu, ukiandika hayo usitaje kwamba sisi ni ndugu."

Alisahau jambo moja tu. Dume lake lilikuwa na dawa ya kuogeshwa, pumba, na mtu wa kulichotea maji kiangazi. Samaki wa Bahi hajawahi kuchotewa maji na yeyote. Kuliona hilo hakukuhitaji shahada. Kulihitaji kunyamaza kidogo, kipaji ambacho Mjomba hakujaliwa.

Kisha mvua zikagoma. Maji yakarudi nyuma, yakaacha ukoko mweupe wa chumvi. Zamani perege walijibana katika madimbwi ya mwisho, wakangoja mvua, wakalijaza bwawa upya. Safari hii chotara walielea matumbo juu, na perege halisi walikuwa wachache, maana wazazi wao walikwisha kuolewa ugenini. Baadhi ya wavuvi wakaenda kuendesha bodaboda. Mjomba akatangaza kwamba ni ugonjwa ulioletwa na ndege.

Mvua iliporudi, bwawa likajaa maji, siyo samaki. Mama alikwenda na beseni alfajiri, akarudi na mboga ya siku moja. Kuku wakahamia juu ya chanja.

Hapo ndipo Mjomba alipotokea tena na mifuko yake. "Hawa ni bora kuliko wale!"

"Shikamoo, kaka. Waweke hapo kivulini, unywe chai kwanza."

Alikunywa, akahutubia. Nyuma ya nyumba Mama aliwasha jiko, akamimina mafuta, akachuja mifuko yote. Alileta sahani na ugali.

"Karibu, kaka. Waliobaki bwawani waache wazaane wenyewe. Chanja yangu itawangoja."

Mjomba alitazama sahani, akatazama mifuko mitupu. Kisha akanawa mikono, akala, akaomba pilipili.